Mstari wa Arobaini na Moja

Ameshuka kwenye bodaboda, kompyuta mapajani
imefungwa kanga kama mtoto mwenye surua.
"Fundi Yaledi, inawaka, inanguruma, inazima.
Dakika kumi tu. Nikifika kwenye jumla, giza."
Ni Mwaja wa kinu cha alizeti, nyuma ya soko la mahindi.
Nusu ya Kibaigwa inakaangia mafuta yake.

Huwa siulizi kwanza mashine ina nini.
Nauliza inakaa wapi.
"Chini," akasema, "kando ya mlango, karibu na kinu."
Basi. Nusu ya kazi ikawa imekwisha.
Upepo wa Agosti huku haubishi hodi,
unabeba barabara nzima, unaitua sebuleni kwa mtu.

Skrubu nne zikatoka, ya tano imelika kichwa.
Ndani, vumbi jekundu, zito, limetandikwa,
maganda ya alizeti yenye milia,
unyoya wa kuku,
na chini ya mapanga ya feni, mayai mawili ya mjusi,
meupe kama vidonge.
Mwaja akashika mdomo.
"Nami nilimchapa Chidongo, nikasema kaniletea virusi
na magemu yake ya mpira."
Virusi hivi, mama, vina ganda.

Nikapuliza kwa blowa, nje, mgongo kwa upepo
(feni ishike kwa kidole, isizunguke ovyo;
moja niliiua hivyo, nikailipa),
nikabandua pasta iliyokauka ikawa ukoko,
nikapaka mpya, punje moja, kama ya mtama.
Wengine wanapaka kama siagi kwenye mkate.
Meno ya memori nikayasugua kwa kifutio
cha daftari la binti yangu.

Ikawaka. Dakika kumi. Ishirini.
Feni inahema taratibu, kama mtu aliyetua gunia.
"Sasa tunakili faili zako," nikamwambia.
"Diski inagonga. Sikiliza. Tk. Tk.
Hiyo haina dawa, ina kwaheri tu."
Faili la maana lilikuwa moja. Jina lake: MADENI.

Nilitaka tu kuona kama linafunguka.
Ndivyo tufanyavyo: unafungua, unashuka, unafunga.
Mama Nhonya, dumu moja. Kwaya, lita ishirini.
Mheluka wa chipsi, madumu sita, na alama ya kuuliza.
Mstari wa arobaini na moja:
Yaledi fundi. Lita tano. Februari, mwaka juzi.
Amesema Ijumaa.

Mwaja yuko mlangoni, anahesabu malori ya mahindi.
Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Diski inagonga, nani angeshangaa
mstari mmoja ukidondoka njiani?
Faili huugua. Faili hufa.
Na mimi ndiye daktari, na cheti cha kifo ninaandika mimi.

Umeme ukakatika.

"Chomoa," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko haja.
"Ukirudi, hurudi na hasira."
Tukakaa saa nzima na karanga za mia tano.
Akanieleza bei ya mbegu, goti la mama yake,
Ijumaa hakuitaja hata moja.

Uliporudi nilinakili yote, mistari mia na kumi na tisa.
Nikamwandikia: elfu thelathini na tano.
Akakisoma kikaratasi kwa mbali, mkono umenyooka.
"Toa lita tano."
"Bei ya mwaka juzi, au ya leo?"
"Ya leo," akasema. "Ijumaa zimepita nyingi."

Mwaja, iweke mezani, meza ikikosekana, matofali matatu.
Ifunike ikishazimwa, si ikiwaka.
Diski mpya usingoje mavuno.
Na hii flashi isilale nyumba moja na kompyuta,
moto hauchagui droo.
Akaifunga kanga, akapanda, akatimua vumbi la kunirudishia.

Mayai ya mjusi bado ninayo,
kwenye kizibo cha soda, dirishani.
Sijui huwa yanafanywaje.